Mama Anasema Ameshiba

Jumanne, Novemba. Hapa Adelphi, Marekani, mvua ya rasharasha haijakatika tangu alfajiri, na baridi imeingia mpaka kwenye makochi. Sina raha, nisidanganye.

Mama yangu alikuja kutoka Tanga kunisaidia kulea mtoto mchanga. Tulikubaliana miezi miwili, sasa huu ni wa tano. Kila nikimpakulia anakula matonge matatu, anasukuma sahani: "Alhamdulillahi, nimeshiba mwanangu." Kwetu mtu akisema hivyo unambembeleza aongeze. Mimi niliacha kubembeleza, nawahi shifti.

Magauni yanampwaya. Nimeona, nikajifanya sijaona.

Leo binti yangu Salma alikuwa na kazi ya shule: achague kivumishi kimoja kikongwe cha Kiingereza, aeleze kilikotoka. Akachagua "sad". Nikamcheka, neno hilo si ni huzuni tu? Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hapo kale halikuwa na huzuni hata chembe. Maana yake ilikuwa kushiba. Baadaye likawa la mtu aliyeshiba mpaka akachoka, kisha mtu mzito asiyecheka ovyo, mwisho ndiyo huzuni hii tunayoijua.

Halafu, macho yakiwa kwenye kompyuta, akasema: "Like Bibi. She says she's full, then she cries when you're at work."

Mama anasema ameshiba, kisha analia nikiwa kazini. Mtoto anajua, mimi sijui.

Hapana, niandike ukweli. Nilijua. Mara mbili Mama ameniuliza lini anarudi, na mara mbili nimeisogeza tiketi nikamwambia ndege zimejaa. Hazikujaa. Nilikuwa nawaza nani atanishikia mtoto. Kazini kule Arlington nalisha wazee wa watu kwa kijiko, nawabembeleza kwa sauti tamu, na wangu anakonda nyumbani.

Jamani, mtu unafikaje huku?

Jioni nikapiga simu, nikathibitisha safari. Anaondoka Jumapili. Nilipomwambia akauliza, "Na mtoto utamwachia nani?" Nikasema nimeshapata mtu. Uongo mwingine, ila huu siujutii.

Tulipokaa kula alimaliza wali wake, akavuta bakuli la mchuzi wa samaki, akaongeza mwenyewe. Akawa anamsimulia Salma habari za kuku aliowaacha kwa jirani, anacheka mpaka anajifuta machozi kwa mtandio. Nilifurahi. Na iliniuma vibaya, maana ndipo nilipojua nilivyokuwa nimemfunga mama yangu.

Akaiona sahani yangu.

"Mbona huli?"

"Nimeshiba, Mama."

Hakuniamini hata kidogo. Akafinyanga tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akanilisha kwa mkono wake, mimi mtu mzima na watoto wawili. "Ongeza, mwanangu. Ongeza."

Nikameza. Zimebaki siku tano.