Gari Lililosukumwa Jumapili

Nuku'alofa, Jumatatu

Mdogo wangu Feleti,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Sydney. Lile gari la kifahari ulilomletea Mama lina nguvu kweli, ila petroli linainywa kama maji. Jana lilizimika tukitoka kanisani, na Jumapili hapa hakuna anayeuza mafuta. Vijana wa kwaya wakalisukuma hadi nyumbani wakiimba, Mama ndani anawapungia mkono.

"Linakula kumshinda Feleti!" akasema. Tukacheka sana.

Kisha akalia. Anajua unafanya zamu mbili ili tusikose mafuta, na tangu mazishi ya Baba hujaja.

"Liuzeni," akasema, "mumkatie mwanangu tiketi."

Mnunuzi nimeshampata. Njoo, mdogo wangu. Kitanda chako nimekitandika.

Dada yako akuombeaye,
Lavinia