Multa ya Baba Mkwe

Mpendwa Bi Zubeida, naomba msaada wako kabla sijamvunjia adabu mzee ninayempenda, maana nimekwama na sina wa kumwambia. Mimi ni Hassane wa Quionga, na gari langu la kubebea nazi na mihogo kupeleka Palma nimeuziwa na baba wa mke wangu, mzee Abdurrazaque, kwa bei ya huruma, akaniambia, "Chukua, mwanangu, macho yangu yamechoka," tukaandikiana mbele ya mashahidi, nikashukuru, sasa juzi nakwenda kubadilisha jina la gari naambiwa lina multa, faini ya mwendo wa kasi pale kwenye kuingia Mocímboa, na dereva kapungiwa mkono na trafiki wala hakusimama, tarehe 31 Machi mwaka jana, mimi sijalinunua bado, nikasema sihusiki, wakanijibu mlete aliyekuuzia aseme ndiye aliyekuwa anaendesha, la sivyo ulipe wewe.

Bi Zubeida, mzee huyu anaendesha kama kapakia mayai, kuku wanavuka mbele yake kwa raha zao! Na kwa adabu zetu hata kula mbele yake naona haya, nitamwambiaje twende polisi? Nilijikaza nikamuuliza, akatazama chini, akasema, "Siku ile nilikuwa na haraka kidogo," akaingia ndani, na tangu hapo hanitazami usoni. Nikamuuliza mke wangu Atija, akacheka, mara machozi yakamtoka, akasema, "Mlipie baba, usiulize." Watu nao wananinong'oneza eti mzee ana mke mdogo Mocímboa. Mimi sitaki kuamini, ndiye aliyenipa mke, ndiye aliyemtunza Atija alipokwenda kujifungua kwa wazazi wake Palma, mimi nikiwa kazini Nampula, Nazira wetu akazaliwa salama hospitali ya Mocímboa, siku ya Idi Ndogo, tukapata sikukuu mbili. Nampenda mzee, sitaki kumpoteza. Nimpeleke polisi, au nilipe kosa lisilo langu?

Hassane, Quionga

*

Hassane mwanangu, pole, na hongera ya Nazira. Nimekucheka mpaka chai imenimwagikia.

Haki yako unayo. Gari hukuwa nalo siku ile, karatasi ya mauziano ina tarehe na mashahidi, na ukiing'ang'ania huenda ukashinda. Lakini kabla hujashinda, hebu katazame kalenda. Idi Ndogo ya mwaka jana iliangukia tarehe ngapi? Yangu hii hapa mbele yangu: 31 Machi. Babu wee! Siku aliyozaliwa mwanao unaijua kwa pilau tu?

Atija alikuwa kwa baba yake Palma, mtoto kazaliwa Mocímboa. Ulidhani alikwenda kwa miguu? Uchungu umemshika binti, na yule mzee wa mayai akakanyaga mafuta, trafiki akapunga mkono mpaka akachoka. Wewe ungesimama?

Na kama unauliza kwa nini hakukwambia, ni adabu hiyo hiyo unayoniandikia mimi. Baba gani wa pwani hii atakaa mbele ya mkwewe amsimulie uchungu wa binti yake? Wewe unaona haya kula, yeye anaona haya kusema, basi mnatazamana miguu. Muulize Atija taratibu, safari hii kwa tarehe, uone kama nimekosea.

Akikubali, nenda kalipe, na roho yako iwe nyeupe. Polisi usimpeleke mzee, wala usimwendee na hotuba ya shukrani, mtazidi kuoneana haya. Ijumaa mpakie mtoto kwenye gari lile lile, uendeshe polepole, umpe babu yake ampakate, ukae hapo hapo mpaka akutazame.

Na hao wanong'onezi, wasikukoseshe usingizi. Mjukuu si ndiye mke wa babu yake? Wakikuuliza tena kama mzee ana mke mdogo Mocímboa, waambie anaye, anaota meno, na mahari yake umemlipia wewe dirishani polisi.