Ukelele wa Mikokoni

Jumapili, baada ya alasiri. Jua kali tangu asubuhi, upepo hakuna, na bamvua limeyaleta maji mpaka nyuma ya shule. Nimeswali, lakini moyo haujatulia. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Leo ilikuwa siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Amri ilitoka bomani: kila shule isimame kimya, kisha mwalimu ayasome majina ya wafu wa kijiji chake. Wiki nzima nimewafundisha watoto vita vya Mjerumani, babu zetu walipobebeshwa mizigo, na hivi vya juzi vya Bama, vya Mwingereza na Mjapani. Kombo, mtundu wa darasa, akauliza, "Mwalimu, Mjerumani na Mwingereza waligombea nini huku kwetu? Mbu?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Jina lililonikosesha raha ni la Shamte, mtoto wa Bi Pili. Alikwenda Bama na Keya, jeshi la Mwingereza. Wenzake wamerudi, yeye hakurudi, wala habari yake haikuja. Bomani wamemweka pamoja na waliokufa. Mama yake hataki asomewe khitma, na kila Ramadhani humwekea fungu lake la futari. Jana alinijia nyumbani.

"Mwalimu, ukimsoma mwanangu, wewe ndiye uliyemzika. Kaburi lake utanionyesha?"

Nisipomsoma, nimekaidi amri. Nikimsoma, huenda nimemzika mtu aliye hai, mbele ya mama yake.

Basi leo tukajipanga uwanjani. Bi Pili naye alikuja, akasimama kando, ushungi umemfunika mdomo. Nikawaambia watoto: kimya.

Jambo moja sikulifikiria. Hawa ni watoto wa wakata boriti. Kule mikokoni watu hawaonani kwa msongamano wa miti. Mmoja hupiga ukelele, mwenziwe humwitikia, hivyo hivyo mpaka kazi inakwisha. Asiyeitikia amepotea, au amekufa. Kimya kwao ni msiba. Niliona midomo yao inacheza.

Ndipo ukelele ukatoka mikokoni. "Huuuu!"

Sauti ya mwanamume. Ndefu, ikakatika ghafla mwishoni.

Watoto wote wakaitikia kwa pamoja. Sikuwakataza. Hata mimi niliitikia, ulimi ulinitangulia.

Akaita tena, karibu zaidi. Tukaitikia. Mara ya tatu ilikuwa kama yuko nyuma tu ya miti ya mbele. Tukaitikia, tukangoja atokee.

Hakutokea mtu.

Wanaume wawili wa kijiji, waliosikia ukelele, wakaingia na mtumbwi kutazama. Maji pale yanampita mtu kimo. Hawakuona chombo kingine, hawakuona hata tawi lililovunjika. Walirudi wakafunga mtumbwi, wakaenda zao bila kuaga.

Sikusoma jina lolote. Niliwaruhusu watoto waende makwao.

Bi Pili alibaki. Nikadhani amepata faraja, kwamba sasa ataniambia, umeona, mwanangu yu hai. Akasema polepole, macho bado yako kwenye maji:

"Ile ni sauti ya Shamte, alivyokuwa akimwita babake kazini. Lakini mwalimu, aliye hai akiitikiwa, huja. Huyu tumemwitikia mara tatu."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Msomeeni."

Kesho baada ya adhuhuri tutasoma khitma. Majirani wameshaanza kuchambua mchele. Najua nilivyofundishwa chuoni, nilikosoma Kurani: roho za wafu ziko kwa Mola wao, hazizururi mikokoni. Naamini hivyo kabisa.

Lakini niliitikia.

Nilipokuwa nafunga mlango wa shule, Kombo alikuwa bado hajaondoka. Leo hakuwa na mzaha. Akanishika kanzu: "Mwalimu, kesho tukishamsomea, halafu akaita tena, tumwitikie au tunyamaze?"

Nimemwambia nitamjibu darasani. Ya Rabi, nitamjibu nini?