Mkate Haulali Msibani

Jumanne, 3 Juni 2025

Usiku wa kwanza umekwisha. Nimerudi jua likichomoza. Watu wote wanakwenda shambani na majembe, mimi peke yangu nakwenda kulala. Aibu gani hii! Nikakutana na Mzee Ansbert kwenye njia ya kisimani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. Unga kila mahali. Akauliza kama nimeangukia kwenye gunia.

Kazi yenyewe ni kukanda, kupanga kwenye tini za kuokea, kupokea tini zikitoka tanurini. Kiwanda kidogo cha mikate pale mjini. Fundi mkuu ni Frednand. Anasema mkate lazima utoke kabla ya alfajiri, maduka hayasubiri mtu. Sikuitafuta kazi hii kwa kuipenda. Ugonjwa wa mnyauko umemaliza migomba yetu, na kununua ndizi sokoni ni tusi kwa mtu aliyezaliwa hapa kijijini Nyamigogo.

Mama kacheka tangu nilipoingia. Anasema alizaa mtoto, sasa amekuwa popo.

Usingizi — hakuna. Jogoo, mbuzi, redio ya jirani. Nimelala chali naangalia bati.

Alhamisi, 5 Juni

Leo nilifunga mlango, nikaziba dirisha kwa blanketi. Usingizi ukanishika kweli. Mchana katikati — hodi! Hodi! Mke wa Mzee Ansbert na wenzake wawili, wana uji kwenye chupa ya chai. Wamekuja kunipa pole ya ugonjwa.

Huku kwetu mtu akiwa nyumbani hafungi mlango mchana. Ukifungwa, ndani kuna mgonjwa au kuna jambo. Nikawaambia mimi mzima, nimelala tu. Wakatazamana. Mwanamume mzima, mchana, maharage yanasubiri kupigwa — kalala tu! Nadhani ningesema naumwa ningepata heshima zaidi.

Uji niliunywa. Ulikuwa mzuri.

Schola, mke wangu, kacheka nilipomsimulia, kisha akaacha kucheka. Siku hizi tunapishana mlangoni. Yeye anatoka na jembe, mimi naingia na kikapu, tunaulizana hali kama watu wa sokoni. Jioni anarudi, mimi natoka. Ndiyo maana nimechukua daftari hili. Saa nilizo macho sina wa kuongea naye.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Nimelala kanisani. Si kusinzia — kulala! Schola kanifinya. Nikashtuka, nikasimama, kumbe wenzangu ndiyo wanakaa. Nikabaki nimesimama peke yangu kama mwenye tangazo.

Mama hakwenda, miguu imevimba. Lakini habari zilimfikia kabla sijafika nyumbani.

Jumatano, 18 Juni

Mwili umeanza kukubali. Sasa saa ya kukanda mikono inakwenda yenyewe, na unga ukiwa tayari naujua kwa kiganja. Frednand kaniambia sitafukuzwa wiki hii. Kwake hiyo ni sifa.

Kuna kitu nimekigundua. Nilidhani kijiji kinaishi mchana. Si kweli. Mchana kila mtu yuko peke yake na shamba lake. Kijiji kinaishi jioni — nani kagombana na nani, nani kaposa, mbuzi wa nani kala mihogo ya nani. Watu wanakaa, pombe ya rubisi inazunguka, mambo yanasemwa. Saa hizo mimi niko barabarani juu ya baiskeli. Jana nimesikia kwamba Christina, binti wa jirani, ameolewa. Wiki mbili sasa! Kila mtu anajua, wakanishangaa mimi kuuliza.

Sijahama, lakini ni kama nimehama.

Jumanne, 24 Juni

Minani kafariki. Jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Kaumwa tumbo siku chache tu, kaondoka mchana huu.

Naandika haraka, naondoka kwenda kazini. Na hapo ndipo penye shida. Mtu akifa kwetu, wanaume wanalala msibani. Nje, uani, kuzunguka moto, hadi matanga yaondolewe. Hakuna kazi kubwa ya kufanya pale. Unalala tu kwenye majani makavu, unaota moto, ili wafiwa wakiamka usiku wasione ua mtupu. Baba yangu alipokufa, Minani alilala kwetu siku zote. Hakukosa hata moja. Nakumbuka kikohozi chake gizani. Nilikuwa nikikisikia narudi kulala.

Na mimi leo nakwenda kukanda mikate!

Baadaye, alfajiri, kiwandani. Nilimwomba Frednand ruhusa. Hakunikasirikia. Kasema unga ukishaumuka haujui msiba, na pale getini kuna vijana wanangoja nafasi yangu. Ni kweli, nawaona kila jioni wamekaa kwenye jiwe.

Jumatano, 25 Juni

Nimefanya kichekesho. Nilitoka kazini moja kwa moja hadi kwa Minani, sikupita nyumbani. Nilifikiri, kama siwezi usiku, nitakaa mchana. Nikafika. Wanaume wameshaamka, wametawanyika kuchonga jeneza na kuita ndugu. Wamebaki wanawake mikekani. Nikampa mjane pole, nikakaa pembeni. Nikajiegemeza kidogo.

Nilipofungua macho jua limeshapinda. Nimelala katikati ya wanawake, nimefunikwa kitenge cha mtu! Wanasema nilikoroma mpaka mjane akacheka. Tangu mumewe afe ndiyo mara ya kwanza kucheka. Mama mmoja akasema kila msiba ungehitaji mtu kama mimi.

Wanaume wakawa wanarudi na magogo ya kuota. Nami wakati huohuo nachukua baiskeli yangu. Wao wanaingia, mimi natoka. Wakanitazama hadi njiani. Afadhali wangesema.

Alhamisi, 26 Juni

Tumemzika Minani. Nilishika koleo, nikatupa udongo hadi kaburi likajaa. Nilitaka waone.

Baada ya mazishi Mzee Ansbert kaniita kando. Yeye ndiye mkuu wa kikundi chetu cha kuzikana, anajua nani kalala na nani hakulala. Hakufoka. Kasema kijana, mchana kila mtu anaweza kuja. Mchana hata mpita njia anakuja, anapewa chai. Ujirani unapimwa kwa baridi. Kisha akaniuliza hali ya mama. Nikasema miguu imevimba, na pumzi sasa inamsumbua. Akatikisa kichwa, akasema, "Haya."

Hiyo "haya" nimetembea nayo hadi nyumbani. Nimeielewa. Mama ana miaka mingi. Siku yake ikifika nani atalala uani kwetu? Kwa nini walale kwangu mimi nisiyelala kwao?

Mama nimeogopa kumwambia.

Ijumaa, 27 Juni

Frednand huwa anaweka kando mikate iliyobonyea au kuungua kidogo. Nikaiomba yote. Akauliza nina nguruwe? Nikasema nina msiba. Akanijazia kikapu, akaongeza na mizima miwili, akageuka upande mwingine asionekane.

Nikaendesha kwa nguvu, nikafika kwa Minani bado giza jepesi. Wanaume ndiyo wanajinyoosha, umande umewalowesha, moto umebaki makaa. Nikafunua kikapu. Mvuke ukatoka! Wakala. Wengine walikula kwa macho yaliyofumbwa. Nilifurahi, siwezi kudanganya.

Mzee Ansbert naye akala. Akafuta mdomo, akasema, "Asante, Danstan. Ila mkate haulali msibani."

Mtu akacheka. Wakaondoka kwenda mashambani. Nikabaki na kikapu kitupu na hasira. Nikajilaza palepale kwenye majani yao, bado yana joto la miili ya watu. Basi nikafikiri: moto huu ukiachwa utakufa, jioni watahangaika kuukoka upya na kuni zenye umande. Nikasukuma gogo ndani. Nikalala. Nikaamka, nikasukuma gogo. Mchana kutwa hivyo — kulala, gogo, kulala. Wanawake wakachukua makaa ya kuchemshia chai. Mjane wa Minani akaja akakaa karibu yangu. Mchana msiba una ukimya mbaya kuliko usiku. Hilo nalo sikulijua.

Wanaume waliporudi, moto unawaka. Mzee Ansbert akautazama, akanitazama, akachutama na kupasha mikono. Mimi nikachukua baiskeli.

Jumapili, 29 Juni

Matanga yameondolewa leo. Nilishika zamu ya mchana hadi mwisho. Hakuna aliyenishukuru na sikungoja shukrani. Au nilingoja kidogo.

Jumapili, 6 Julai

Mama sasa analala ameketi, akijilaza pumzi inakata. Tulikwenda hospitali Ijumaa, wamesema ni moyo, wamempa vidonge. Daktari kasema na Schola pembeni. Schola hajaniambia alichosema, nami sijauliza. Tunapishana mlangoni.

Leo sina zamu. Nimekaa na mama juani. Akaanza mwenyewe. Kasema, mwanangu, nikifa nataka moto mkubwa. Si moto wa kuchomea mahindi! Baridi sijaipenda tangu nizaliwe, usinipeleke kwenye udongo kwa moto wa kijiti.

Nikasema mama acha hayo.

Akasema, nani ataukoka? Wewe usiku hawakujui.

Kumbe yote alikuwa anayajua! Ya Mzee Ansbert, ya mkate, yote. Nikamwambia nitaacha kazi. Kesho naacha. Akakasirika kweli, hadi akakohoa. Kasema migomba imekufa, na wewe unataka nife nikiwa na njaa? Nenda kazini kwako. Kisha akacheka kidogo. Akasema popo naye ana mama.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Jumatatu, 14 Julai

Uvimbe umepanda hadi mapajani. Anakula mkate tu, uliolowekwa kwenye chai. Anasema anausikia mkono wangu ndani yake. Nimeupenda uongo huo.

Jumamosi, 19 Julai

Nimelala mchana kwenye mkeka kando ya kitanda chake. Mlango wazi. Siku hizi siufungi tena, na nalala vizuri zaidi. Watu wanapita, wanachungulia, wanamwamkia mama kwa sauti ndogo ili nisiamke. Naamka, lakini najifanya nimelala.

Mzee Ansbert kaja leo. Nikafumba macho. Alikaa na mama muda mrefu, wakaongea Kisubi, mambo ya zamani, ng'ombe wa marehemu baba. Alipotoka akapita nyuma ya nyumba. Nikasikia anagusagusa kuni zetu, anazigonga kama mtu anayechagua. Kisha akaenda zake. Baadaye nikaenda kuangalia. Hakuna kilichoguswa ila magogo mawili makubwa ya mkaratusi — yametolewa chini kwenye unyevu, yameegemezwa ukutani yakauke.

Sijui nifikirie nini. Mzee yule hana maneno mengi. Ile "haya" yake bado ipo kifuani.

Jumanne, 22 Julai

Jioni. Mama pumzi fupi sana. Nikasema siendi. Nilivua hata viatu. Akanionyesha mlango kwa kidole. Schola akasema nenda, nitakupigia. Simu yangu chaji kidogo, umeme ulikatika tangu asubuhi. Nimevaa viatu tena. Mama mkono wake wa baridi. Aliushika wangu, akaunusa — hamira, akasema. Hamira haitoki hata kwa sabuni.

Naondoka.

Jumatano, 23 Julai

Niko kwenye kona ya juu, kabla ya mteremko wa kwetu. Kunapambazuka, naona mistari ya daftari kwa shida. Nimesimamisha baiskeli. Nimekaa kwenye jiwe.

Simu ilizima usiku, katikati ya kazi. Niliomba chaja kwa kila mtu, hakuna iliyoingia kwenye simu yangu. Nikakanda. Sikumbuki nilichokanda. Frednand aliniachia mapema, akajaza kikapu bila kuombwa. Mizima yote, hakuna hata mmoja ulioungua. Sijui aliona nini usoni kwangu.

Kutoka hapa naona ua wetu. Kuna moto.

Si wa jikoni. Jikoni kwetu ni upande wa pili. Huu uko nje, katikati ya ua, mkubwa, magogo marefu. Watu wamelala kuuzunguka, wamejifunika. Nimejaribu kuwahesabu, nikashindwa, wengine wako nyuma ya miale. Wengi. Kuna mtu anakohoa.

Nimejiambia labda mama kazidiwa tu, wamekuja kumwangalia. Lakini mgonjwa watu humkalia ndani. Moto wa nje najua ni wa nini. Nimeusukumia magogo mwenyewe.

Sitaki kuteremka. Ndiyo maana naandika. Nikiendelea kuandika bado sijafika.

Ni moto mkubwa, mama. Wa mkaratusi. Unawaka vizuri.

Mtu mmoja ameinuka kusukuma gogo. Kwa mgongo ule ni Mzee Ansbert. Alilala pale, blanketi limejaa majani. Sasa amegeuka huku barabarani, ameweka mkono juu ya macho. Ameniona. Anapanda, hana haraka, anajifunga vizuri blanketi lake.

Mikate bado ya moto. Nalisikia joto lake kwenye kikapu. Mzee amefika, nafunga daftari.