Chini ya Daraja la Mwanangu

Tarehe 3 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku sijambo, mafua yamenitoka na sauti imerudi. Wewe je? Magoti yanasemaje, na ile cherehani bado inakupigia kelele au umeitia mafuta?

Nakuandikia nikiwa roho juu. Lile daraja la waenda kwa miguu lililo mbele ya duka lako, ambalo unajua nililichora mimi, limefika siku ya kupimwa. Barabara, mama, haikaguliwi mara moja ikaachwa. Hukaguliwa ikiwa bado ni mchoro, hukaguliwa mafundi wakiwa kazini, na hukaguliwa tena watu wakishaizoea, ili ijulikane kama tuliyoyadhania mezani ndiyo yanayotendeka huko nje. Watakuja wakaguzi kutoka ofisi nyingine. Mimi siruhusiwi hata kuwasindikiza, maana mwenye daraja hawezi kulipima daraja lake.

Mkuu wangu alilipinga tangu mwanzo. Alisema watu hawatapanda. Nikabishana naye mbele ya kikao kizima. Wakaguzi wakiona linatumika, mengine kama hilo yatajengwa kwenye barabara nyingine na mimi ndiye nitakayeongoza kazi. Wakiona halitumiki, nitabaki kuwa yule binti aliyebishana na wakubwa akaumbuka.

Niambie ukweli, wewe unalionaje? Unapanda bila shida?

Mwanao


Tarehe 10 Februari

Mwanangu,

Marahaba, mama. Sisi wazima. Shangazi yako amepona jino na sasa anakula kwa kulipiza kisasi. Cherehani inapiga kelele zake nami napiga zangu, tunaelewana.

Daraja lako linapendeza. Rangi haijachubuka hata kidogo na vyuma vya kushikilia vimenyooka. Juzi Gundi, yule fundi viatu wa kibanda cha jirani, alisimama chini yake akalitazama weee, akasema binti yako ana kichwa. Nikamwambia kichwa hicho kilitoka tumboni mwangu, asisahau. Na kivuli chake ni kizuri ajabu. Jua likiwaka wauza soksi wote wanahamia hapo chini.

Hao wakaguzi wanakuja siku gani? Nauliza tu, nifagie mbele ya duka, wasije wakasema mama wa mchora daraja ni mchafu.

Magoti ni magoti. Wewe kula vizuri, picha uliyotuma una shingo kama ya kuku.

Mama yako


Tarehe 14 Februari

Mama,

Shikamoo. Nashukuru kusikia mko salama, na mpe shangazi pole ya jino na pongezi ya sahani.

Wanakuja Alhamisi ijayo, watashinda hapo mpaka jioni. Lakini iwe siri yetu, maana wanataka kuona watu wanavyovuka siku zote. Hukunijibu kuhusu kupanda. Sifa za Gundi hata hivyo nimezisoma mpaka wenzangu wakauliza nacheka nini.

Niombee.

Mwanao


Tarehe 5 Machi

Mama yangu,

Shikamoo, na tafadhali kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Mimi mzima kupita uzima.

Ripoti imetoka. Wakaguzi wanasema walikaa hapo kutwa na hawakumwona mtu hata mmoja akivuka chini. Wazee walipanda, watoto walipanda, wenye mizigo walipanda. Wameandika kwamba hawajawahi kuona daraja linalopendwa na watu kiasi hicho. Mkuu wangu alinipa mkono mbele ya ofisi nzima, akakiri kwamba alikosea. Nilitamani uwepo umwone. Kazi ya madaraja mengine nimepewa mimi.

Na si hilo tu. Kwa kuwa hapo chini hapavukwi tena, wamependekeza matuta yang'olewe na ile michoro ya kuvukia ifutwe, magari yapite bila kupunguza mwendo. Wataanza baada ya mwezi ujao. Kelele za magari kukanyaga breki mbele ya duka lako zitaisha, utashona kwa raha.

Nina furaha, mama. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo.

Mwanao


Tarehe 14 Machi

Mwanangu, jicho langu,

Marahaba mara nyingi. Afya tunayo, na furaha uliyotupa imezidi afya. Barua yako niliwasomea watu kibandani kwa Gundi, na wasiotaka kusikia nao wakasikia.

Sasa nikuambie, maana nimejibana mpaka nimechoka. Ulidhani daraja lilijaa lenyewe? Nilizunguka duka kwa duka na nyumba kwa nyumba nikiwaambia Alhamisi hakuna kuvuka chini, binti yangu anapimwa. Gundi nilimpa kazi ya kupiga mluzi akiona vile vizibao vinavyong'aa vya wakaguzi. Walimu ninaowashonea sare za wanafunzi waliwapanga watoto mstari. Muuza magodoro alipanda na godoro kichwani, akashuka nalo, akalipandisha tena, na mteja hana. Shangazi yako alipanda akilalamika kila ngazi, lakini alipanda. Hakuna aliyeniangusha. Sikujua kama napendwa hivyo mtaani hapa.

Hata mimi nilipanda. Kushuka ndiko kulikonishinda, magoti yaligoma kabisa, basi nikabaki huko juu kutwa nimeegemea chuma, najitia napunga upepo. Mkaguzi mmoja, mama wa makamo, alinisalimia, nikamwambia mandhari ni nzuri. Jioni walipoondoka Gundi na muuza magodoro walinishusha kama kabati. Nililala na maji ya moto magotini, lakini sijuti hata kidogo.

Ila hayo matuta, mwanangu, waambie wasiyaguse. Sisi tunavuka hapo chini kila siku kwenda zahanati na kwenye bomba la maji, na bila matuta magari hayo yatatumaliza. Wewe sasa ni mkubwa, watakusikiliza.

Mama yako


Tarehe 22 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini uvimbe wa magoti umepungua. Mimi si mgonjwa, lakini "sijambo" pia siwezi kuandika.

Niliposoma barua yako nilifunga mlango nikalia. Hasira ilikuwepo, sitakuficha, lakini haikukaa. Hakuna mtu duniani aliyewahi kunifanyia jambo kama ulilonifanyia, na ndiyo maana inaniuma hivi.

Hujaona kilichotokea, mama. Uliwaficha wote wanaovuka chini, na wakaguzi wakaandika kwamba hawapo. Wewe hupo. Shangazi hayupo. Matuta yanang'olewa kwa sababu hampo. Mimi nikisema yasing'olewe wataniuliza kwa nini, na jibu ni moja tu.

Nilifikiria kunyamaza. Nataka ulijue hilo, usije ukanidhania mwema kuliko nilivyo. Nilijiambia watu watazoea kupanda, nitatafuta namna, cheo nimekisubiri muda mrefu. Lakini kila nikijiambia hivyo nakuona wewe umeegemea chuma, umeshindwa kushuka, unawaambia watu mandhari ni nzuri.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mkuu wangu nikamweleza yote, kisha nikawaandikia wakaguzi. Sikukutaja, ila watajua. Kuna watu watakaokuja mtaani kuulizia, na watakaokucheka. Nisamehe, mama.

Mwanao


Tarehe 20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua ya pili tangu uliponyamaza, sijui kama ya kwanza uliifungua. Nikipiga simu anapokea shangazi, anasema unampima mteja. Mteja gani huyo asiyemaliza kupimwa mwezi mzima? Niambie tu kama magoti yamepona, hata kwa mstari mmoja.

Mimi naendelea. Kazi ya madaraja amepewa mwenzangu. Nilitarajia mkuu wangu anicheke na hakunicheka, alinisogezea kiti tu akasema nikae, na hilo liliniuma zaidi.

Kuhusu matuta, wamesimamisha kwanza. Wakaguzi wamekasirika, na wana haki, maana neno langu linapingana na walichokiona kwa macho yao. Watarudi siku ambayo hawajamwambia mtu, mimi mwenyewe siijui wala sitaki kuijua. Wakikuta watu wako chini, matuta yatabaki. Wakikuta kama walivyokuta mwanzo, yatang'olewa, na hakutakuwa na ukaguzi mwingine karibuni.

Mama, ukitaka kuninunia, ninunie. Una sababu. Ninachoomba ni kwamba usimkusanye mtu yeyote kwa ajili yangu. Fanyeni tu mnavyofanya siku zote.

Nakupenda, na kimya chako kinanila.

Mwanao


Tarehe 9 Mei

Mwanangu,

Marahaba, mama yangu. Mimi mzima, na barua zako zote nilizifungua siku zilipofika, usiku wake nikazisoma tena. Nilinuna, sikatai. Niliona mtoto niliyemtafutia sifa kwa magoti yangu amekwenda kuzitupa kwa watu baki na mimi juu yake. Kila mteja akiingia nadhani amekuja kunicheka. Wala hawakuwa wanajua kitu. Sikumwambia mtu, maana ningeanzia wapi?

Wamekuja Jumanne. Hilo langu la kutomwambia mtu ndilo lililotaka kutumaliza. Gundi alikuwa anagonga soli, akaona vizibao vinang'aa kule mbele, na hakuna aliyemwambia aache kazi niliyompa. Akapiga mluzi.

Mwanangu, mtaa mzima ulikimbilia daraja. Waliokuwa katikati ya barabara walirudi nyuma. Muuza magodoro alinyanyua godoro. Shangazi yako alitoka na ndoo yake pekupeku. Nilisimama mlangoni nikawatazama wanavyopanda kwa ajili yako, na kwa ajili yangu, wananipungia mkono wakicheka, na yule mama mkaguzi amesimama chini anaandika. Nikajua anaandika yale yale. Tena nikajua kwamba nikinyamaza dakika ile nitakuwa nimewaua kwa mikono yangu, nikianza na wifi yangu mwenyewe.

Nikachukua fimbo nikaingia barabarani peke yangu, pale pale chini ya daraja lako. Lori lilikuwa linakuja. Likapunguza kwenye tuta, likasimama, dereva akanipungia nipite. Sikupita. Nilisimama pale katikati nikainua uso, na wote huko juu wameshika chuma wananitazama kama nimerukwa na akili. Nikapaza sauti.

"Shukeni. Mtoto wangu amekosea. Shukeni tuvuke."

Hapakuwa na aliyecheka. Gundi aliondoa vidole mdomoni. Shangazi yako ndiye aliyeshuka kwanza, kinyumenyume ameshika ndoo, akaja akanishika mkono, na wengine wakafuata mpaka barabara ikajaa na magari yakasubiri. Yule mama mkaguzi alikuja upande tuliofikia. Aliniuliza kama navuka hapo kila siku. Nikamwambia tangu daraja lilipofunguliwa, na lile la mandhari lilikuwa uongo. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema ni mama wa aliyelichora daraja hili. Alifunga kalamu, akaniambia matuta hayatoki, na kwamba ataomba kivuko cha hapo chini kiinuliwe na kiwekewe taa. Kisha akasema binti yangu alikuwa ameandika kweli tupu.

Gundi hajaniambia neno tangu siku ile, ila jana viatu vyangu nilivikuta mlangoni vimeshonwa.

Nimesema mbele ya mtaa mzima kwamba umekosea. Neno hilo halijawahi kunitoka kinywani tangu nikuzae, hata ulipokuwa umekosea kweli, na limeniuma kuliko magoti. Sitalisema tena. Siku watakapokupa daraja lingine la kuchora, usianzie mezani. Njoo nyumbani kwanza, unishike mkono, twende zahanati na kurudi.

Mama yako