Kijiti Kimoja Kilichozidi

Mujukuu wangu Furaha,

Huko Kinshasa wakikuuliza nani alikufundisha kazi, usitaje maprofesa peke yao. Nitaje na mimi, ambaye darasa sikulichungulia hata dirishani.

Unakumbuka vile viwavi? Nilikutuma uvisafishe tukaange, ninarudi ninakukuta umevipanga chini viwili-viwili, kwa urefu na kwa mistari ya mgongoni. Nikakuambia, "Wewe mutoto, hivi ni vya kula, hatuvifungishi ndoa." Ukanijibu, "Koko, huyu hana mwenzake." Nilikuchapa. Hata leo ningekuchapa, mafuta yalikuwa yanaungua.

Kisha Zaina, muke wa kaka yako, akamuzaa Amisi, macho yake na shingo yake si kama za wengine. Baba yako mudogo Ramazani, mwanangu wa tumboni, akaitisha kikao: Zaina alikula nyama ya kima akiwa na mimba kule Salamabila, amevunja mwiko, arudi kwao Wamaza, kulekule Kabambare. Mufuko wake ulikuwa umekwisha kufungwa kwenye pikipiki. Nikaenda nikaukalia. "Ramazani, kama kima inageuza watoto, nusu ya Kabambare ingekuwa na mikia. Na wewe wa kwanza, mimi ninajua nilichokula."

Watu walicheka, lakini kicheko hakimrudishi muke nyumbani. Wewe ulikuwa likizo. Ukaninong'oneza, "Koko, usiinuke hapo," ukamuchukua mama na mutoto mpaka maabara yako huko Kinshasa, mutoto akatolewa damu.

Muliporudi, ukatuonyesha picha kwenye simu. Ukasema ni vijiti vilivyo ndani ya damu ya Amisi, vinavyobeba kile mutu anachorithi kwa baba na mama. Mashini inavipiga picha vikiwa vimetawanyika, inavitambua kwa urefu na mistari, inavipanga jozi-jozi. Vikilaliana inaweza kudhani viwili ni kimoja, ndiyo maana unapitia kila picha kwa macho yako, unaikosoa mashini ijifunze. Ramazani akaweka kidole: kwingine kote viwili-viwili, pale vitatu.

"Nani amekiongeza?"

"Hakuna mutu, baba mudogo. Si chakula, si Zaina. Kilizidi tu, Amisi alipoanza kuumbwa."

Ramazani akaubeba mufuko wa Zaina, uliokuwa bado umefungwa, akauingiza nyumbani. Radhi hakuomba. Ninamujua niliyemuzaa, ule mufuko ndio radhi yake.

Tangu siku ile ninatembea soko la hapa kwetu Kasongo kama mutu mwenye cheo. Nilimwambia muuza samaki kwamba mujukuu wangu anafundisha mashini kuona. Akauliza kama itamuona mwizi wa samaki wake. Nikasema bado.

Amisi alichelewa kutembea, lakini sasa anatembea, na kutwa yuko nyuma ya Ramazani akitaka kubebwa. Anabebwa.

Furaha, ule, ulale, kazi haikimbii. Ninajivunia wewe mpaka majirani wamechoka.

Haya maneno ninayasema mimi, anayeandika ni Zaina. Hapa ameweka kalamu chini anapangusa macho. Nimemwambia aandike na hilo.

Ni mimi Koko yako, mama ya baba yako