Kapteni Radi Asipewe Kurasa za Binti Mkonge

Mwanangu Salehe,

Barua hii nimeipeleka kwa gazeti lako la hadithi za picha, nikawaomba waichape penye barua za wasomaji. Mbili nilizokutumia kwa mkono wa watu hukujibu. Hii utaijibu, maana kila utakayekutana naye huko Dar es Salaam atakuuliza mama yako ana nini.

Nina hasira. Salamu zitafuata baadaye.

Unajua kusoma nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima hapa Misima. Tulipomaliza kitabu cha pamba na mbolea, Mwalimu Rehema akatuletea gazeti lako. Mwanzo hatukujua njia ya kupita. Tulisoma picha za juu kurasa zote mbili, ndipo tukashuka za chini, tukashangaa mtu amezikwa kabla hajaugua. Tulipoijua njia, nikakukuta humo mara mbili. Umeandika Binti Mkonge, na umeandika Kapteni Radi. Jina chini ni lako kotekote. Nikasema hapana, hawa hawakutoka tumbo moja.

Binti Mkonge namjua. Anafanya kazi shamba la mkonge huko Korogwe, ananyanyua lori lililojaa, lakini akishalitua anakaa chini, anaomba maji, anajikanda bega. Mwiba ulimchoma kidole, kikavimba matoleo matatu, na mimi kila mwezi nafungua gazeti kutazama kidole kwanza.

Kapteni Radi ni nani? Anaruka kutoka Dar mpaka Handeni na joho lake jekundu, hana hata vumbi. Analima kwa radi, anapanda na kuvuna ukurasa huohuo. Mahindi gani hayo, mwanangu, hata nyani hawakupata nafasi ya kuyaiba? Na kila adui akifika picha ya mwisho anaungama mwenyewe, hajaulizwa, kwa sababu wewe unataka kwenda kula. Usimsingizie mchoraji. Mchoraji anachora anachoambiwa.

Nakujua tangu ukinifuata shambani. Nilikuwa napalilia muhogo, wewe unanihadithia. Ukiwa na moyo, simba wako alikuwa na njaa, ana watoto, ana jino bovu, na mstari mzima wa muhogo ulikwisha bado hajafika mtoni. Siku unayotaka kukimbilia mpira, simba alikufa palepale. Nilikuwa nasimamisha jembe nakwambia, "Rudi nyuma, simba hafi hivyo." Unanuna, lakini unarudi. Sasa huko mjini nani anakurudisha?

Siku tuliyohamishiwa kijijini unaikumbuka. Bibi yako, mama yake baba yako, alikaa kizingitini akasema haondoki. Baba yako alimbembeleza, balozi wa nyumba kumi akambembeleza, akageuza uso. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umemaliza darasa la saba. Ulikwenda ukachuchumaa mbele yake ukampa mgongo. Aliutazama mgongo ule muda mrefu, kisha akapanda. Njia nzima anakusema: una mifupa kama kitanda kibovu, unatembea kama mbuzi, nirudishe nimesahau kifuniko cha chungu. Tulipofika nyumba ilikuwa nguzo tupu. Akalia, na wewe ukakaa naye hapo chini mpaka alipomaliza.

Hayo yote ulimpa Binti Mkonge, ukambebesha na kikongwe mgongoni. Nilipokuwa namsomea bibi yako mboga iliungua jikoni. Alipoisikia ile mifupa alicheka, akaniambia nianze tena.

Mwezi uliopita Kapteni Radi naye akahamisha kijiji. Aliinua nyumba na kikongwe ndani yake, kwa kiganja kimoja, huku anacheka, akaitua kwingine, na kikongwe akapiga makofi. Picha tatu, kwisha. Nilimsomea bibi yako kwa sababu nisingeweza kumficha. Akaniuliza, "Mbona huyo bibi hasemi kitu? Ni mgonjwa?" Nikamwambia mgonjwa ni mwandishi.

Mwalimu Rehema amekutetea. Anasema watoto wa shule wanampenda Radi, wanajifunga kanga shingoni na kuruka kutoka juu ya kichuguu, na mtu mwenye hadithi mbili kwa mwezi lazima achoke. Nikamjibu mimi nina mashamba mawili, la mbali na la nyuma ya nyumba, na sijawahi kupanda pumba katika moja kwa sababu nimechoka.

Au unaumwa kweli? Unakula? Niambie tu, nitapunguza ukali.

Lakini nimeona tangazo mliloweka mwisho wa gazeti, kwamba Binti Mkonge atapumzika na kurasa zake atapewa Kapteni Radi. Apumzike wapi? Umemwacha katikati ya mto, kikongwe mgongoni anarudishwa kwao Magoma, maji yamefika kifuani, na ukaenda zako. Bibi yako alizaliwa Magoma. Haamki tena vizuri siku hizi, miguu imevimba, kwenda kwao kweli hataweza. Kila asubuhi ananiuliza kama wamevuka.

Jumatano nilimwambia wamevuka. Gazeti sikulifungua, nililishika tu. Akauliza wametokea upande gani, nikasema upande wa kwao. Wamelowa? Nikasema hapana. Binti hakuchoka? Hakuchoka. Akanitazama, akasema hiyo siyo ya Salehe, akalala bila kunywa uji.

Kwa hiyo na mimi nimeandika Kapteni Radi yangu, na ni mbaya kuliko zako zote. Sirudii. Huyo Radi mwache aruke anakotaka, ila kurasa zile zirudishe kwa mwenyewe, na upesi, kabla muda wa bibi yako haujakwisha. Watoe majini, wamelowa, wanatetemeka, na kikongwe anatukana.

Baba yako anakusalimu, wadogo zako wanakusalimu. Mimi salamu zangu utazipata ukishaandika.

Ni mimi mama yako, ninayekurudisha nyuma.